Mpwa wangu kafutwa chuo kwa simu iliyozimwa. Hii ni haki, au ni ukali tu?

Mkia wa Taa (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nalileta hili nikiwa nimetulia. Wiki mbili zilizopita nisingeweza kuliandika bila matusi.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, mwaka wa tatu chuo kimoja hapa nchini (jina nalihifadhi, rufaa bado). Alikuwa kabakiza mitihani minne amalize. Siku ya mtihani wa Takwimu alitoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, daladala mbili, akafika wenzake wanaingia. Begi akaweka mbele kama wote. Simu ikabaki kwenye mfuko wa sweta, imezimwa. Kama saa moja hivi ndani ya mtihani akavuta leso apenge kamasi, simu ikadondoka sakafuni. Ukumbi mzima ukageuka.

Msimamizi akaichukua, akaiwasha. Ilichukua dakika nzima kuwaka, ndizo simu zetu za elfu tisini. Akaletewa fomu ya udanganyifu. Kuna sehemu ya maelezo ya mtahiniwa, mistari mitatu. Binti, mkono unatetemeka, kaandika: "Samahani sana, naomba mnisamehe." Akasaini.

Wiki ya sita kaitwa kwenye kamati. Watu saba mezani, yeye kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Hazikufika dakika kumi. Mwenyekiti alimuuliza swali moja: hii saini ni yako? Akajibu ndiyo. Barua ikaja: "mtahiniwa alikiri kosa kwa maandishi". Kafutwa masomo.

Sisemi simu inaruhusiwa. Hairuhusiwi, na yeye anajua. Nauliza: kubeba simu na kuiba mtihani ni kosa moja, adhabu moja? Na hawa wahadhiri wavivu wanaotoa maswali yaleyale miaka mitano mfululizo hadi desa (majibu yaliyokusanywa tayari) linauzwa stationery, kamati yao inakaa lini?

Nawasilisha.

Kibogoyo Mstaafu
Siti ya mbele. Muuza kahawa apite.

Kalamu Nyekundu
Nafundisha chuo mwaka wa kumi na moja huu. Nimesoma bandiko lako kwa huruma kabisa mpaka nilipofika kwenye "wavivu".

Semista iliyopita nilikuwa na darasa la watu 640. Test mbili, UE (mtihani wa mwisho wa semista) moja. Piga hesabu hizo karatasi mwenyewe. Nimesahihisha nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, nimesahihisha msibani, binti yangu wa chekechea akiulizwa baba anafanya kazi gani anajibu "anatia tiki". Halafu mtu ambaye hajawahi kusimamia hata chemsha bongo anakuja kuniita mvivu. Umeshawahi kukuta nondo, yaani majibu ya kuibia, imeandikwa kwa kalamu ya bluu juu ya rula ya bluu? Mimi nimekuta. Umeshawahi kusimama nje ya choo ukihesabu dakika ambazo mtahiniwa "anaumwa tumbo"? Kila anayekamatwa kasahau tu. Hakuna aliyewahi kukusudia. Miaka kumi na moja, sijakutana na mmoja.

Chuma cha Reli
Kanuni iko wazi vyuo karibu vyote: simu ndani ya chumba cha mtihani, iwe imewaka iwe imezimwa, ni udanganyifu. Wiki ya kwanza mnapewa kitabu cha kanuni mnafungia maandazi. Leo tunaletewa sweta na leso. Huyohuyo kesho angekuwa nesi anakudunga sindano kwa kukisia.

Mkia wa Taa
@Chuma cha Reli anasoma Rasilimali Watu. Hadungi mtu.

Chuma cha Reli
Mbaya zaidi. Ndio hao wanaopoteza mafaili ya watu wakikaribia kustaafu.

Bint Pangani
Naona wanaume mmerukia simu, mimi nimekwama kwenye "samahani".

Jamani, tangu lini samahani ni kukiri kosa? Kwetu ukimkanyaga mtu unasema samahani. Ukikanyagwa, unasema samahani. Unataka konda akushushe, samahani kaka. Unapita mbele ya wakwe, samahani. Mama yangu anamwambia kuku samahani kabla hajamchinja. Mtoto kalelewa hivyo, kawekewa karatasi na mtu mzima aliyevaa tai, ulitegemea aandike nini? "Nakanusha vikali"? Angeandika hivyo mngesema hana adabu.

Kalamu Nyekundu
@Bint Pangani hakuandika samahani peke yake. Kaongeza "naomba mnisamehe". Huombi kusamehewa jambo ambalo hukufanya.

Bint Pangani
Kwani alichofanya ni nini? Kaingia na simu. Hilo ndilo aliloombea msamaha. Nyinyi mkaenda mkamwandikia kaiba. Na nina hakika fomu yenyewe ni ya Kiingereza, yeye kaandika Kiswahili. Nani alitafsiri?

Mkia wa Taa
Fomu ni ya Kiingereza, ndiyo. Hata sikuwa nimeliwaza hilo.

Kibogoyo Mstaafu
Mimi niliiba 2009, somo la Uhasibu, sikukamatwa na sikusema samahani kwa mtu. Leo nina cheo. Endeleeni.

Chuma cha Reli
Na ndiyo maana ofisi zenu hesabu hazifungi.

Wakili wa Mabibo
Tutulie kidogo. Katiba, ibara ya 13(6)(a): mtu yeyote ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama *au chombo kingine kinachohusika* anapewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa. Kamati ya chuo ni chombo kingine. Swali si kama binti alikuwa na simu. Swali ni kama aliambiwa mapema anashtakiwa kwa lipi, akaoneshwa ushahidi, akapewa nafasi ya kueleza. "Hii saini ni yako?" si kusikilizwa. Hiyo ni kuhakiki mwandiko.

Tena kanuni hii ina historia yake chuoni hasa. Mwaka 1718 Cambridge walimvua msomi mmoja, Dkt. Bentley, shahada zake bila kumwita. Kesi ikafika mahakamani, na 1723 jaji akasema hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajitetee: Adamu, uko wapi? Umekula tunda la mti niliokukataza? Mungu alikuwa anajua kila kitu na bado aliuliza. Bentley akarudishiwa shahada zake.

Chuma cha Reli
Adamu alisikilizwa na bado akafukuzwa bustanini. Asante kwa kunisaidia hoja.

Kibogoyo Mstaafu
Na baada ya hapo mlangoni akawekwa makerubi na upanga wa moto. Hiyo ndiyo ofisi ya mshauri wa wanafunzi.

Sauti ya Nyanda
Someni vizuri Mwanzo 3. Adamu aliulizwa. Hawa aliulizwa. Nyoka hakuulizwa hata neno moja, alisomewa hukumu moja kwa moja. Mpwa wa mleta mada ndiye nyoka.

Mkia wa Taa
Ndugu, unamwita mtoto wa dada yangu nyoka?

Sauti ya Nyanda
Namaanisha kiutaratibu mkuu. Punguza munkari.

Ustadhi Mpole
Kwetu sisi Adamu na mkewe walisema "Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu", wakatubu na toba ikakubaliwa. Waliomba msamaha, wakasamehewa. Kamati ya hicho chuo imeombwa msamaha ikaugeuza kuwa ushahidi. Tafakarini.

Chuma cha Reli
Walisamehewa lakini walibaki duniani ustadhi, hawakurudishwa peponi semista iliyofuata. Na tuache vitabu vitakatifu nje, uzi utafungwa huu.

Mzee Bandari
Nawasoma nacheka. Wasomi wa siku hizi mnalia kwa sababu ya simu. Sisi tulipofukuzwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulifukuzwa kwa ajili ya nchi. Mwaka 1978 tuliandamana kupinga wabunge na mawaziri kujiongezea marupurupu. Tulibebwa, tukarudishwa makwetu na barua mkononi. Hakuna aliyeuliza kamati iko wapi. Na waliotutangulia, wa 1966, walimkabili Mwalimu uso kwa uso wakidai bumu, posho ya wanafunzi.

Bint Pangani
Mzee wangu shikamoo, lakini 1966 haikuwa bumu. Ilikuwa JKT.

Mzee Bandari
Marahaba. Wewe ulikuwepo?

Bint Pangani
Sikuwepo babu. Alikuwepo marehemu baba mkubwa, na aliisimulia kila Idi mpaka tukaikariri. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kuwa lazima kwa wasomi: miaka miwili, na miezi kumi na minane kati ya hiyo kwa asilimia 40 ya mshahara. Kuna waliobeba bango linalosema ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu aliposikia hivyo mnajua wenyewe. Zaidi ya 300 walifukuzwa siku ileile.

Chuma cha Reli
Safi kabisa. Hakuna kamati, hakuna ibara, hakuna Adamu. Nidhamu.

Wakili wa Mabibo
@Chuma cha Reli unasahau kipande. Siku hiyo walisomewa risala yao yote, Rais kakaa anasikiliza, kisha akajibu. Kwa kipimo cha kusikilizwa walipata zaidi ya alichopata huyu binti. Na wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata.

Kalamu Nyekundu
Na katika hotuba ileile Mwalimu alijikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Aliadhibu vijana na kujiadhibu. Nani leo atafanya hivyo?

Mkia wa Taa
Si nilianza kwa kuuliza kamati ya wahadhiri inakaa lini? Ndicho nilichokuwa nasema.

Kalamu Nyekundu
Hapana, wewe ulisema wavivu.

Mzee Bandari
Kijana anayesema 1966 walisikilizwa hajui chochote. Kusikilizwa na mtu aliyekwisha kasirika ni kusikilizwa? Niliongea na waliokuwepo. Wengine walikuwa watoto wa wakulima, wa kwanza kuvaa viatu katika ukoo wao, wakarudi kijijini kuelezea wamefukuzwa na Baba wa Taifa. Mama mmoja wa Rungwe alidhani mwanawe kaua mtu.

Sauti ya Nyanda
Mzee, dakika tano zilizopita ulikuwa unajivunia kufukuzwa.

Mzee Bandari
Mtu anaweza kujivunia jeraha na bado likamuuma. Kakue kwanza.

Kibogoyo Mstaafu
Hapo mzee kagonga.

Dada wa Soweto Moshi
Naingia kwa hasira nyingine kabisa. Mnajadili simu, chuoni kwetu kulikuwa na mwalimu anayejulikana, ukimkatalia unapata sapu, unarudia mtihani. Kifungu cha 25 cha sheria ya TAKUKURU ya 2007 kinaitaja rushwa ya ngono waziwazi. Wasichana watatu waliandika barua. Wao ndio walioitwa kuhojiwa, na waliulizwa walivaa nini. Mwalimu alihamishiwa kampasi nyingine, akapandishwa. Msiniambie nidhamu. Nidhamu ni ya walio kwenye kiti cha plastiki.

Chuma cha Reli
Hilo ni tofauti, anzisha uzi wake.

Dada wa Soweto Moshi
Uzi wa Adamu na JKT umekaa kurasa mbili hukusema "anzisha uzi wake".

Kalamu Nyekundu
Dada, hapo sina cha kujibu. Ninamjua mmoja wa aina hiyo, na nimekaa naye meza moja ya kamati. Tuliishia kujadili nondo.

Mkia wa Taa
Wakuu, niombe turudi kidogo. Leo dada kanitumia picha ya barua. Ina tarehe 3. Imemfikia binti tarehe 17, kwa sababu ilipelekwa kwa anwani ya sanduku la shule yake ya sekondari. Rufaa ni siku 21 tangu *tarehe ya barua*. Maana yake mwisho ni Ijumaa. Na mkopo wa Bodi ya Mikopo wa miaka mitatu upo palepale. Akipata kazi ya kuajiriwa kokote, anakatwa asilimia 15 kwa shahada ambayo hana.

Wakili wa Mabibo
Tarehe 17? Basi hiyo iwe hoja ya kwanza: apewe siku zake kuanzia alipoipokea, na aambatishe bahasha yenye muhuri wa posta. Msiitupe bahasha! Rufaa ya ndani imalizeni kwanza. Ikigonga mwamba, Mahakama Kuu, kuomba kibali cha mapitio ni ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Watu wengi hupoteza hapo, wanazunguka kwa waheshimiwa kutafuta simu ya kigogo mpaka miezi inaisha.

Chuma cha Reli
Akate rufaa, sijakataa. Mimi nasema tu alikuwa na simu.

Bint Pangani
Tumekusikia tangu ukurasa wa kwanza kaka, alikuwa na simu.

Kalamu Nyekundu
@Mkia wa Taa nitumie ujumbe binafsi. Bado sijasahau lile neno lako, lakini njoo. Aombe kwa maandishi nakala ya fomu, ripoti ya msimamizi na muhtasari wa kikao. Ripoti ya msimamizi iseme simu ilipowashwa ilikutwa na nini, picha au maandishi yoyote ya somo. Kama haisemi kitu, hiyo ndiyo hoja. Aombe adhabu ya kubeba simu, si ya kuiba, kanuni nyingi zina ngazi: onyo, kufutiwa somo, kusimamishwa mwaka. Na rasimu niione kabla hajapeleka. Asianze na samahani.

Bint Pangani
Amalize nayo je?

Kalamu Nyekundu
Aweke "Wako mtiifu", basi.

Mkia wa Taa
Nimeshatuma. Shukrani mkuu. Lile neno ningelifuta, ila nafasi ya kuhariri imeshapita.

Sauti ya Nyanda
Samahani wakuu, nirudi nyuma: ile asilimia 40 ya JKT, walikuwa wanapewa kabla ya kodi au baada?