Banjo-Tooie: kwa nini hainogi kama Banjo-Kazooie?

mpenda_dubu
Wakuu, habari za jioni. Nina Rare Replay, ule mkusanyiko wa gemu za zamani za kampuni ya Rare, kwenye Xbox. Banjo-Kazooie, ile ya dubu Banjo na ndege wake Kazooie, nimeimaliza yote, Jiggy 100 (vile vipande vya dhahabu vya fumbo) na noti 900 za muziki, na bado nikiisikia ile banjo ya mwanzo nataka kuanza upya. Nikaingia Banjo-Tooie, mwendelezo wake, kwa pupa, maana kila mtu anasema ni kubwa zaidi, mabosi wakali zaidi, na dubu na ndege wanaweza kutengana kila mmoja akaenda zake. Sasa nimekwama Grunty Industries, kile kiwanda, na kila nikiwasha mashine najikuta nafungua gemu nyingine. Si mbaya. Muziki ni wa Grant Kirkhope yule yule, mdomo wa Kazooie haujapoa. Kasoro iko wapi hasa, au ni mimi nimechoka?

Kisa_wa_Mbeya
Umri huo mkuu 😂 Kunywa chai ulale.

fundi_pedi
Hujachoka, ndugu. Anza na noti. Kwenye ya kwanza zimepangwa moja moja, 100 kila dunia: nyingine ukingoni mwa daraja, nyingine juu ya paa, tatu zinapanda kilima. Hukuhitaji ramani, ulizifuata tu, na zilipoishia ulikuta Jinjo (vile viumbe vidogo vya kuokoa) au Jiggy. Kwenye Tooie hesabu ni ile ile 100 kwa kila dunia, lakini zimefungwa kwenye viota 16 vya noti tano tano, na alama moja kubwa yenye thamani ya 20. Ukiokota mara 17 umemaliza. Ramani zimepanuka, chambo kimepungua. Ndiyo maana unatembea uwanja mzima pale kiwandani bila kujua unafuata nini.

Halafu kuna suala la kumaliza. Kumbuka Click Clock Wood, dunia ya gemu ya kwanza: mti mmoja, misimu minne. Masika unaangua yai la tai, kiangazi unamlisha viwavi watano, vuli anataka kumi, kipupwe anakurudia akiwa tai mzima na Jiggy yako. Kisa kirefu, lakini chote kimo ndani ya mti uleule. Ukiangalia juu unaona kiota. Linganisha na yule mtoto wa dinosaria, Scrut. Kafungiwa dunia ya Witchyworld, kwao ni dunia nyingine, Terrydactyland. Kumrudisha sharti uwe na treni, na treni nayo iko dunia ya tatu, Glitter Gulch Mine: mganga Mumbo aiweke relini kwanza, uingie ndani upigane na bosi Old King Coal, kisha ufungue stesheni za kule unakokwenda. Mpaka umshushe mtoto kwa mama yake, umeshasahau ulimwahidi nani nini. Wabunifu walipenda sana kuunganisha dunia zao, na mimi nawavulia kofia, ila furaha ya kufunga mlango nyuma yako ukasema "hapa basi" imetoweka.

Kiwanda ndicho kilele cha ugonjwa huo. Mlango wa mbele umefungwa, unaingilia kwa treni!

(Ya mayai ya siri, yaliyofichwa kwenye gemu ya kwanza, sisemi mengi. Mwisho wa ya kwanza Mumbo anakuonyesha picha na kukuahidi utayajua kwenye Banjo-Tooie. Unafika Tooie, unavunja kaseti za Banjo-Kazooie zilizomo humo humo ndani ya gemu, yai linatoka. Kungoja kote tangu 1998 hadi 2000!)

binti_Chake
Kaka fundi, unaionea. Hata ya kwanza inakurudisha nyuma: mbio za pili na Boggy, yule dubu wa barafu kule Freezeezy Peak, huziwezi bila viatu vya mbio vya dunia ya Gobi's Valley.

fundi_pedi
Kweli dada, lakini hiyo ni mara moja moja. Tooie imefanya ndiyo desturi ya nyumba.

binti_Chake
Desturi niliyoipenda mimi. Kumwacha Banjo amesimama kwenye kitufe, Kazooie apite peke yake, gemu ngapi za wakati ule zilifanya hivyo? Na Witchyworld naiweka juu ya Rusty Bucket Bay ya gemu ya kwanza siku yoyote. Kile chumba cha injini na mapangaboi yake kimenitoa machozi. Nakubali tu kwamba kiwanda kimepitiliza. mpenda_dubu, usihangaike na Jiggy kwanza. Panda ghorofa hadi ghorofa ukifungua vituo vya kujirushia kutoka sehemu moja hadi nyingine, na umtafute mganga Humba Wumba akugeuze mashine ya kufulia, upate kutumia lifti ya mizigo. Baada ya hapo kiwanda kinapungua ukubwa.

mpenda_dubu
Asanteni. Mashine ya kufulia! Naingia leo usiku. Na huyo ndege wa mbio, Canary Mary, mbona watu wanamlaani?

fundi_pedi
Utakutana naye tena kwenye dunia ya Cloud Cuckooland. Usibonyeze kitufe kwa fujo tangu mwanzo, ukikazana naye anakazana. Mfuate kwa nyuma kidogo tu, umalizie nguvu zote karibu na mwisho. Na utumie pedi ya zamani, si mpya.