Naomba ushauri: mtoto ameniuliza kuhusu jua na chupa ya chai, nikakosa jibu

Shangazi wa Makorora

Assalaam alaykum, ndugu wanajukwaa. Mimi ni mkazi wa Makorora, Tanga, na kila siku baada ya sala ya alasiri hukaa barazani na watoto wawili wa kaka yangu pamoja na wenzao watatu wa jirani, ambao wote wameanza kusoma sayansi, ili tupitie walichofundishwa darasani. Juma hili tumefika kwenye mada ya jinsi joto na nuru zinavyosafiri. Majina wanayajua kwa ufasaha: mpitisho, yaani joto kupita ndani ya kitu kigumu kama kijiko, msafara, ambao vitabu vingine huuita myuko, yaani joto kubebwa na maji au hewa inayojongea, na mnururisho, yaani joto kufika bila kuhitaji kitu cha kulibeba.

Shida ilianza nilipowaeleza kwamba kati ya jua na dunia kuna takriban kilomita milioni 150 na kwamba karibu umbali wote huo ni utupu. Mdogo wao alinyamaza kidogo, kisha akaelekeza kidole kwenye chupa ya chai iliyokuwa mkekani, akasema: "Shangazi, juzi ulituambia chai haipoi kwa sababu katikati ya kuta za chupa kuna utupu, na joto haliwezi kupita kwenye utupu. Sasa la jua linapitaje?" Sikuwa na jibu, nikawamiminia chai.

Jambo la pili ni kwamba watoto hao wakishika nondo ya dirisha asubuhi na kisha ubao wa mlango, husema chuma kina baridi kuliko mbao, na kusema kweli hata mimi nahisi hivyohivyo, ingawa kitabu chao kinadai vyote viwili vina halijoto moja. Naomba maelezo, na majaribio ikiwezekana, mkikumbuka kwamba maabara yetu ni jiko la mkaa, ndoo na vyombo vya jikoni.

Fundi wa Ngamiani

Wa alaykum salaam, dada. Kwa maoni yangu, mweleze kwamba jua ni kali mno, kwa hiyo joto lake linaushinda utupu, lakini joto la chai ni dogo na haliwezi. Pia wakumbushe kwamba joto siku zote hupanda juu, ndiyo maana chupa hufungwa kizibo.

Mstaafu wa Raskazone

Shangazi, nimefanya kazi katika maabara za shule kwa miaka mingi, na naomba uniwie radhi nikisema kwamba kosa liko katika maneno yako machache ya juzi: "joto haliwezi kupita kwenye utupu". Linaloshindwa kupita ni joto la mpitisho na la msafara, kwa sababu mpitisho unahitaji chembe zinazogusana ili moja itikisike na kuitikisa jirani yake, na msafara unahitaji kimiminika au gesi inayojongea, wakati katika utupu hakuna chembe za kufanya kazi hizo. Mnururisho hauhitaji chembe. Unapita katika utupu wa chupa kama unavyopita katika utupu wa angani, na kama chupa ingekuwa na utupu peke yake, chai ingeendelea kupoteza joto kwa njia hiyo.

James Dewar, mwanasayansi wa Uskoti aliyebuni chupa ya aina hii mwaka 1892, alilijua hilo, na chupa zilizotokana na kazi yake hupakwa tabaka la fedha linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, ili mnururisho unaotoka kwenye chai uakisiwe na kurudi ndani. Chukueni chupa ya kioo iliyo tupu na kavu, mmulike ndani kwa tochi, na kila mtoto achungulie aone jinsi kuta zinavyometameta. Basi jibu lake ni kwamba utupu unazuia njia mbili na mng'ao unazuia ya tatu, ilhali kati yetu na jua hakuna aliyepaka fedha.

Ndugu yetu Fundi ana nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba kipande cha uso wa jua, ambako halijoto ni takriban nyuzi 5,500 za Selsiasi, hutoa mnururisho mara 60,000 hivi kuliko kipande cha ukubwa uleule cha chai yenye nyuzi 90, lakini huo mdogo wa chai nao hupita vilevile. Kuhusu joto kupanda juu, hapana, ndugu yangu. Kinachopanda ni hewa au maji yaliyopashwa moto, kwa kuwa hutanuka na kuwa mepesi kuliko yaliyo pembeni. Wewe ni fundi, na bila shaka umewahi kukaa adhuhuri ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari ukahisi utosi unaungua. Joto hilo limetoka juu likashuka kwa mnururisho.

Watoto wakiuliza kama joto hilo na nuru ni kitu kimoja, waambie kuhusu William Herschel, ambaye mwaka 1800 nchini Uingereza aliitawanya nuru ya jua kwa mche wa kioo ikatoa rangi zake, akaweka vipimajoto kwenye rangi hizo na kimoja nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu chochote. Hicho cha nje ndicho kilichopanda zaidi. Mnururisho wa joto na nuru ni ndugu wa ukoo mmoja, husafiri katika utupu kwa kasi ileile ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na vyote hutumia dakika nane na ushei kutoka juani hadi Makorora. Tofauti ni kwamba jicho letu humwona ndugu mmoja tu.

Sasa nondo na ubao. Mkono hauna uwezo wa kupima halijoto ya kitu. Unachohisi ni kasi ambayo joto lako mwenyewe linaondoka. Nondo hulinyonya haraka na ubao hulinyonya polepole, basi tunasema nondo ina baridi. Ukitaka waamini, geuza sufuria ya alumini kifudifudi, weka karibu yake kibao cha kukatia mboga, waache washike vyote na waseme kipi kina baridi, kisha weka juu ya kila kimoja kipande cha barafu cha ukubwa sawa. Kabla ya kuweka, waulize barafu ipi itayeyuka kwanza, na usiwasahihishe.

Shangazi wa Makorora

Mzee wangu, shikamoo, na nashukuru sana. Wote watano walisema barafu ya kwenye kibao itatangulia kwa sababu sufuria ni ya baridi, na ile ya kwenye sufuria ikaanza kuteleza na kuyeyuka hata kabla hawajamaliza kubishana. Hilo la chupa nalo limeeleweka, na aliyeuliza sasa anawafundisha wenzake.

Jaribio nililobuni mwenyewe halikufanikiwa. Nilibandika kunde kwa samli kwenye mipini ya kijiko cha chuma, cha plastiki na cha mbao, nikavisimamisha katika maji ya moto ili tuone kunde ya chuma ikidondoka kwanza, lakini kwa joto la Tanga samli ilikuwa imelainika tangu mwanzo na kunde zote zikaanguka ovyo. Nikabadilisha nikatumia nta ya mshumaa, na kunde ya kijiko cha chuma ikadondoka peke yake.

Limebaki swali la nuru. Tulitoboa makaratasi magumu matatu, tukayapanga hadi matundu yakanyooka, na mwanga wa mshumaa ukapita. Tulipolisogeza moja kidogo mwanga ukakatika, wakakubali kwamba nuru husafiri katika mstari mnyoofu. Punde mmoja akatumbukiza fimbo kwenye ndoo ya maji, ikaonekana imevunjika.

Mvuvi wa Sahare

Dada, hilo ni la kazi yetu. Samaki ukimtazama kutoka juu ya maji, hayupo pale unapomwona, yuko chini zaidi, na kijana anayejifunza kurusha mkuki hukosa mara nyingi mpaka azoee kulenga chini ya samaki. Sababu yake sijawahi kuambiwa.

Mstaafu wa Raskazone

Marahaba, Shangazi. Sababu, ndugu yangu Mvuvi, ni kwamba nuru hunyooka ikiwa ndani ya kitu kimoja, lakini majini kasi yake ni takriban kilomita 225,000 tu kwa sekunde, na inapovuka mshazari kutoka majini kwenda hewani, ambako kasi huongezeka, hupinda mpakani. Jicho halijui habari ya kupinda. Hudhani nuru imenyooka tangu ilikotoka, likamweka samaki juu kuliko alipo. Ukimtazama wima kabisa, aliye kwenye kina cha mita nne huonekana kama yuko kwenye mita tatu.

Kesho, Shangazi, weka sarafu kwenye sakafu ya bakuli lisilopitisha mwanga, kisha mtoto arudi nyuma taratibu hadi ukingo wa bakuli uifiche sarafu, na hapo asitikise kichwa. Mwenzake amimine maji, na sarafu itaonekana tena. Amimine polepole kwa kikombe pembezoni mwa bakuli, kwa sababu sarafu ikisukumwa na maji, watasema imesogea.