Mchicha usiopigwa dawa mjini Unguja: wenzangu mnaupata wapi?

Mama wa Jang'ombe

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nina watoto wanne, na ninaishi na mzee wangu mwenye maradhi ya sukari. Tangu daktari alipomshauri apunguze wali na aongeze mboga za majani, nimekuwa nikinunua mchicha na tungule karibu kila siku, mara Darajani, mara Mwanakwerekwe, na ndipo nilipoanza kujiuliza tunachokula kimelimwa vipi. Wiki iliyopita nilipata tungule zenye utando mweupe uliokauka kuzunguka vikonyo. Nilipousugua kwa kidole ukatoka kama chokaa, na muuzaji akanambia bila ya kusita kwamba hiyo ni dawa ya ukungu, nikiosha itaondoka.

Nikahamia kwenye duka moja linalouza vyakula vya "asili", ambalo wateja wake wengi ni wageni wa mahotelini na bei yake ni mara mbili ya sokoni. Nilivumilia mwezi mzima, mpaka siku moja baada ya sala ya alfajiri nilipomkuta kijana wa duka hilo sokoni akichukua mafungu ya mchicha kwenye gari lile lile wanalonunulia wachuuzi wote. Sitalitaja duka, kwani huenda lilikuwa jambo la siku moja tu, lakini imani imeniondoka. Naomba kuuliza: mtu wa kipato cha kawaida atajuaje kwamba mboga imelimwa bila ya dawa za viwandani, na je, ipo haja ya kuhangaika hivyo au kuosha kunatosha?

Mkulima, Bumbwisudi

Waalaykumu ssalaam mwanangu. Nimelima mboga kwa dawa za dukani kwa miaka mingi, na sasa nalima bila ya dawa hizo, kwa hivyo nimeonja pande zote mbili. Nianze na kuosha. Dawa iliyokaa juu ya ngozi hupungua ukiosha kwa maji yanayotiririka huku unasugua, na ukimenya hupungua zaidi. Lakini zipo dawa ambazo mmea huzinyonya na kuzisambaza ndani yake, na hizo hazitoki kwa maji, wala kwa chumvi, wala kwa siki. Ndiyo maana chupa ya dawa huandikwa siku za kusubiri baina ya kupiga na kuvuna. Mchicha ndio wenye mtihani mkubwa, kwa sababu huvunwa wiki tatu au nne tu tangu mbegu kutiwa ardhini, na mkulima aliyeona viwavi siku ya ishirini, na huku mchuuzi keshamlipa nusu ya fedha, ni vigumu kumwambia angoje. Sisemi kwa kumsuta mtu. Mkulima huyo niliwahi kuwa mimi.

Kwa hivyo usimuulize muuzaji kama mboga yake ni ya asili, maana hakuna atakayekujibu kuwa siyo. Muulize imetoka shamba gani, mara ya mwisho ilipigwa nini na lini, na viwavi wakiingia mwenye shamba hufanya nini. Anayelima kweli bila ya dawa za viwandani atakuwa na maelezo marefu, kwa kuwa kazi yenyewe ni ndefu. Mimi hutwanga majani na kokwa za mwarubaini, nikaroweka usiku kucha, nikachuja, nikatia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye majani, kisha nikapiga jioni, kwani jua huipunguzia nguvu upesi. Hata hivyo majani yangu hutoboka. Jani lenye tundu si hati ya ushahidi, lakini gunia zima lisilo na tundu hata moja wakati wa masika mimi hulitilia shaka.

Ama kuhusu nembo ya kutambulisha mazao yaliyolimwa bila ya dawa za viwandani, ipo ya Afrika Mashariki iitwayo Kilimohai, inayofuata kiwango kilichopitishwa mwaka 2007. Kulipia wakaguzi ni mzigo kwa mwenye robo eka, lakini upo pia uthibitisho shirikishi, ambapo wakulima wa kikundi kimoja hukaguliana mashamba na wanunuzi wanaweza kuingia katika ukaguzi huo. Mkijikusanya kina mama kumi wa mtaa mmoja mkanunua kwa kikundi kimoja, mna haki ya kwenda kutazama kwa macho yenu, jambo ambalo duka halikupi.

Muuguzi mstaafu, Mkunazini

Dada yangu, kwa mzee mwenye sukari ningeanzia kwenye birika la chai kabla ya tungule. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, na hapo anazungumziwa mtu asiye na maradhi. Ukitia vijiko vitatu kwa kikombe na ukanywa vikombe vinne, umefika hapo kabla ya kashata na visheti. Sukari iliyolimwa bila ya dawa nayo ni sukari.

Shirika hilo hilo linataka tule angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kwa hivyo siafikiani na wanaoacha mchicha kwa kuogopa dawa. Egemea zaidi vile ambavyo kwa kawaida kwetu havipigwi dawa: matembele, kisamvu, majimbi, shelisheli na muhogo. Maradhi makubwa ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia, ni ya virusi, na mkulima hupambana nayo kwa kuchagua mbegu safi, si kwa bomba la dawa. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe barabara, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu, na shelisheli na muhogo mpimie mzee kama unavyompimia wali, maana vyote ni wanga.

Wa Mkoani, Pemba

Naona wote mmesahau kitoweo. Kisiwa Panza, jirani zetu, wamekuwa wakifunga sehemu za miamba ya pweza kwa miezi kadhaa kisha wakazifungua, na kwa kuwa pweza hukua haraka mno, wanaotoka siku ya ufunguzi huwa wakubwa. Mtu wa mjini hawezi kufunga mwamba, lakini anaweza kukataa pweza wa ukubwa wa kiganja na visamaki vichanga vilivyokokotwa kwa juya. Dagaa huzaana upesi, hauumizi mfuko, na huliwa na miba yake, ambayo ina madini ya kujenga mifupa. Uliza tu kama umeanikwa juu ya chanja au mchangani. Wa mchangani utaujua jinoni.

Mama wa Jang'ombe

Nawashukuru nyote. Sukari ya chai tumeanza kuipunguza jana, na mzee amenuna. Nina nafasi juu ya dari, nimefikiria kuotesha matembele kwenye mapolo. Jirani yangu anafuga ng'ombe na yuko tayari kunipa samadi. Naweza kuitia moja kwa moja?

Mkulima, Bumbwisudi

Usiitie mbichi mwanangu, kwani huunguza mizizi na huweza kubeba vijidudu vya kuharisha hadi kwenye jani. Irundike pamoja na majani makavu, uigeuze kila baada ya wiki mbili na uiache miezi mitatu, mpaka ipoe kabisa na inuke udongo, si zizi. Mapolo yatoboe chini. Marando usinunue, ukipita huku Bumbwisudi nitakukatia.