Mtoto wa miezi 3 anapaliwa na maziwa, kifua kinakoroma, naombeni ushauri

MamaT_Ngamiani: Habari zenu wapendwa, usingizi sina. Nina wa kiume miezi mitatu na wiki, nimesharudi dukani kwa hiyo nakamua maziwa namwachia mama mkwe, sasa wiki hii kila akipewa chupa anapaliwa, anakohoa mpaka machozi, mengine yanatokea puani na usiku kifua kinakoroma kama kuna maji ndani. Homa hana. Akinyonya ziwa langu wala hapaliwi. Mama mkwe anasema kichango, kampaka mafuta ya nyonyo. Kuna mtu kaniambia maziwa yakiingia mapafuni yanaozea humo, kweli jamani? Chuchu ya chupa haijachanika, ila mama mkwe alitanua tundu kwa sindano ya moto ili asichoke kuvuta

Kijana wa Pongwe: Weka uji kidogo yawe mazito, na umlaze kifudifudi

Bi Mkunga: We Pongwe hebu tulia, miezi mitatu uji wa nini? Na alale chali, hata akicheua akiwa chali njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula.
MamaT mwanangu, jibu umeliandika mwenyewe mstari wa mwisho. Mtoto anavuta, anameza, anapumua, sasa yakimjia kwa fujo anavuta pumzi na maziwa bado yako kooni, yanapitiliza. Kuoza hayaozi, ila yanaunguza mapafu yanavimba, na vijidudu vya mdomoni vikishuka nayo ndo nimonia hiyo. Geuza chupa: yadondoke tone tone, yakitiririka chuchu hiyo tupa. Bora kikombe kidogo, umkalishe, maziwa yaguse mdomo alambe mwenyewe, usimmiminie

nesi_mstaarabu: Naongezea. Akilala mfunue kifua uhesabu pumzi dakika nzima, kwa umri wake zikifika 50 ni haraka mno (chini ya miezi 2 ni 60). Mbavu zikibonyea ndani, midomo ikiwa ya bluu au akigoma kunyonya, bajaji moja kwa moja hospitali ya Bombo hata saa nane usiku. Ila wiki nzima ya kukoroma mpeleke tu asikilizwe kifua, wapo ambao maziwa yanawaingia mapafuni bila hata kukohoa

Baba Wawili: Wangu alipaliwa akanyamaza kabisa, nikamning'iniza miguu juu, kumbe kosa

nesi_mstaarabu: Kosa kubwa. Akikohoa kwa nguvu mwache akohoe. Akishindwa kulia mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, makofi 5 mgongoni kati ya mabega, bado? Mgeuze, vidole viwili katikati ya kifua ubonyeze mara 5, urudie huku mnakimbilia hospitali

MamaT_Ngamiani: Nimehesabu 44. Chupa nimeigeuza jamani yanatiririka kama bomba la uani 😭 kesho asubuhi naenda. Sasa mama mkwe namwambiaje kuhusu chuchu yake

Baba Wawili: Sema panya kaitafuna 😂