Wajukuu wa Kukhu (Bibi) – Bukalasi

Khainza 06:10
Habari za asubuhi. Wafula kanipigia kutoka juu: ule ufa nyuma ya migomba ya Kukhu sasa mguu unazama mpaka goti. Mvua haijakata tangu Jumanne. Leo nataka majibu ya kumhamisha Bibi. Nani ana gari, nani anatoa mafuta, atalala kwa nani Mbale?

Khainza 08:45
Mmesoma watu 17. Naona.

Moses 08:51
Na yule jogoo wake anapanda? Ataniharibia viti 😂

Nambozo 08:52
😂😂 Akae mbele, ndiye mwenye boma

Khainza 08:53
Jamani! Machi 2010 pale Nametsi watu walijikinga mvua kituo cha afya, mlima ukaporomoka, ukafunika na kituo. Waliokufa na kupotea, watu zaidi ya 300!

Wafula 09:30
Nimeongea naye. Anasema hamwachi Babu peke yake kaburini. Tena ananiuliza, imbalu ijayo, siku ya tohara, kijana wa Moses atasimama uani kwa nani?

Moses 09:34
Kule makazi mapya ya Kiryandongo si alipelekwa na lori, akarudi mwenyewe? Na mabati aliyopewa mnajua yalikwenda wapi.

Mjomba Wekesa 09:41
Mabati tena?

Moses 09:42
Bibi alinyeshewa, Mjomba.

Khainza 09:43
Mabati siku nyingine, nawaomba.

Babu Mdogo 13:15
Naandikiwa na mjukuu. Mto Suume nimeuona 2018 ukishusha mawe makubwa kama nyumba. Wafula, mto ukipungua ghafla na mvua bado inanyesha, maji yamezibwa huko juu. Usingoje simu ya mtu, mtoe bibi yako kando ya mto. Baba alinifundisha hivyo.
Shemeji hajakataa kuhama. Amekataa kubebwa kama gunia la kahawa. Nani amekwenda kukaa naye jikoni akamwomba? Tukamwage pombe kaburini kwa kaka yangu, yeye akiona, tumwambie mkewe anatoka. Wekesa, uwepo.

Khainza 14:02
Shikamoo Babu. Tumesikia.

Khainza 17:20
Basi Jumamosi alfajiri. Moses, gari?

Moses 19:48
Iko kwa fundi. Nitajibu kesho.

Mjomba Wekesa 21:36
Mafuta natoa mimi. Nitakuja.

Khainza 21:37
Asante Mjomba. Na Mbale atalala kwa nani?

Nambozo 22:15
Simu ilizima. Jumamosi hii au ile nyingine?