Naomba ushauri: kuunganisha vipande vya nyimbo kwa kompyuta

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Naishi Mikindani, Mtwara, na wapwa wangu wanakaribia kutoka jandoni, hivyo nimepewa kazi ya kuandaa muziki wa dakika 20 usiokatika, unaoanza na taarabu, ukapita kwenye dansi la zamani na kuishia kwenye singeli.

Ninatumia programu ya Audacity. Kukata vipande nimeshakuweza. Kinachonishinda ni maungio. Singeli mara nyingi huzidi mapigo 200 kwa dakika, na dansi huenda taratibu mno, kwa hiyo nikiliongezea kasi, sauti ya mwimbaji inakuwa nyembamba kama ya mtoto, ilhali nikibadilisha tempo (mwendo wa mapigo) peke yake, sauti inabaki ilivyo lakini ngoma zinasikika kama zimepasuka. Je, nipandishe mapigo kidogo kidogo, au niweke ngoma tupu katikati?

Pia nimekuwa nikihifadhi kila hatua kwa MP3, na ubora unazidi kushuka. Je, nitumie WAV (aina ya faili la sauti lisilobanwa) mpaka nimalize? Shemeji anadai spika za kukodi zitaficha kasoro zote, lakini simwamini.