Naomba ushauri: kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi ni wizi?

Habari zenu wakuu. Nina kibanda Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nawawekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi, wengi ni bodaboda na madereva wa daladala. Zote nazipakua bure mtandaoni.

Juzi alikuja dada mmoja mwanakwaya kutoka Tukuyu kununua chaja. Akaona albamu ya kwaya yao kwenye kompyuta yangu. Akaniuliza taratibu, "Kaka, hizi umezitoa wapi?" Kumbe walichangishana pesa za viazi misimu miwili ili walipe studio. Nilikosa jibu. Hata chenji nilimrudishia bila kumtazama.

Rafiki yangu anasema si wizi, maana ukiiba kuku mwenyewe anabaki hana kuku, ila wimbo wao bado wanao. Mimi hainiingii akilini. Pesa ya ule wimbo nimeila mimi. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hairuhusu kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini yake.

Kibanda ndicho kinachosomesha wanangu. Kuna aliyewahi kufuatilia kibali COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania? Na wale wanakwaya niwalipeje?